Mfiwa Hachoti Maji

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mchana, na kabla jua halijazama Kiabakari yote ilikuwa inajua kwamba Boke Ryoba amepata divisheni ziro. Boke mwenyewe alijua wa mwisho. Simu yake haikuwa na bando. Majirani walikuwa nalo.

Mama yake, Grace, mkulima wa mihogo asiyependa maneno mengi, alisema moja tu: "Unataka kurisiti, risiti. Lakini kazi za hapa hazijafeli." Kazi hizo zilianzia kwenye maji ya lambo, zikaenda shambani, zikarudi na kuni, na zilipokwisha, macho ya Boke nayo yalikuwa yamekwisha. Kitabu cha hesabu kililala usingizi mnono kuliko wake. Kwa mwendo huo Novemba ya kurudia mtihani ingemkuta palepale ilipomwacha ile ya kwanza.

Jumamosi wakaja akina mama wa jumuiya, wakiongozwa na Mama Stellah. Stellah wake alipata divisheni ya pili, na tangu siku hiyo mama mtu alitembea kana kwamba mtihani aliufanya yeye. Walibeba sukari. Walisali kwanza. Kisha wakakaa mkekani, miguu wameinyoosha, nyuso wamezikunja, kama watu waliofika matangani.

"Poleni sana," Mama Stellah alisema. "Ni pigo."

"Asante," Grace akajibu, kwa sauti ya kufukuzia kuku.

"Stellah wangu alikuwaga anamwambia, Boke, soma! Lakini kichwa ni cha Mungu. Wengine anawapaga nywele tu."

Wenzake wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekuja kusikitika.

Boke, aliyekuwa anatoka jikoni na dumu mkononi, alisimama. Akajifunga khanga kichwani, akaja kukaa katikati yao.

"Mama zangu, mmekuja msibani?"

"Msibani, mwanangu. Tutafanyaje."

"Basi mnajua, mfiwa hachoti maji. Hapiki, halimi. Jumuiya ndiyo inafanyaga." Akamkabidhi Mama Stellah dumu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Matanga yenyewe yanaisha lini?" mmoja akauliza, kwa wasiwasi.

"Novemba, nikishafanya mtihani."

"Ziro imekuotesha mdomo!" Mama Stellah akafoka.

"Au mlikuja kucheka? Semeni tu, tuwarudishie sukari."

Hilo lilikuwa gumu kulikiri, tena mbele ya watu aliowaongoza kwa sala. Mama Stellah akamgeukia Grace, mzazi kwa mzazi, amkaripie mwanawe. Boke naye akamtazama mama yake. Mama akisema "chukua dumu", atalichukua, leo na kesho, na mtihani wake umeishia hapo.

Grace alilitafuna jambo hilo taratibu.

"Na kuni zimekwisha, Mama Stellah," akasema.

Boke akaingia ndani, akafungua hesabu. Nje, wakishika njia ya lamboni na dumu lao, walimsema kwa sauti, makusudi asikie. Alisikia. Swali la kwanza hakulielewa hata kidogo. Akalisoma tena.