Deltaplani yangu na koti ya Byamungu

Hii habari naona haya kuisema mpaka leo, na kama si Nabintu, muke wangu, kuanza kuisimulia vibaya ku soko (eti niliangukia ndani ya choo, uongo mutupu), ningeinyamazia. Minye, mimi huyu, ni mushonaji wa Kilibula, kartie moja ya muji wa Uvira, muntu wa cherehani, si wa hewani, lakini nilinunua deltaplani. Kama hamuijui, ni bawa kubwa la kitambaa juu ya vyuma, haina moteri. Unajifunga chini yake, unakimbia ku mutelemuko wa mulima, na upepo wa ziwa unakubeba.

Ilikuwa ya muzungu mumoja, mwalimu wa fizika. Kabla ya vita nilikuwa namushonea bawa lake likipasuka, naye akanifundisha kuruka, kidogo kidogo, mpaka nikajiona bingwa. Vita vilipofika akakimbia, akaliacha, na zamu aliyelinda nyumba yake akalitumia miaka miwili kuanikia maharagwe. Nilimushonea suruali mbili, akanipa. Sasa sikilizeni, ninyi munaopenda vitu vilivyotumika: kitambaa kilicholala ku jua kinaoza bila kuonyesha. Unakwaruza mushono kwa kucha uone kama uzi unakatika, unapitisha mukono ku kila chuma ukitafuta palipobonyea, unakagua nyaya pale zinapoingia mu vifungo, maana ndipo zinapokatikia. Minye nilikagua rangi tu. Ilikuwa nzuri.

Nyumbani nikakuta ukingo wa nyuma wa bawa umeoza wote. Muntu mwenye akili angeacha hapo. Minye nikasema nitaukata, nishone mwingine mupana zaidi, maana nilishajiaminisha kwamba muzungu alikosea vipimo na bawa pana lingebeba vizuri. Nilihitaji nailoni ngumu, na nailoni ngumu mu nyumba yetu ilikuwa moja tu: koti ya mvua ya Byamungu, ya rangi ya machungwa, iliyoning'inia nyuma ya mulango wa mama.

Byamungu ni kaka yangu mukubwa. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha tangu watu wenye bunduki wamubebeshe masanduku ya risasi na kupanda naye milima. Jamaa zetu wa Mutarule walikuja mara mbili kumuambia mama tufanye kilio, tugawe nguo, tumalize. Mama alikataa. "Sijaona maiti," alisema, "na mutoto wangu akirudi atavaa nini?" Kila Jumapili alitoa koti ile nje, akaipangusa, akairudisha. Hata kartie yote ikikimbia vita, yeye hakukimbia tena, asije Byamungu akakuta nyumba haina muntu. Basi Ijumaa moja, mama akiwa ku misa, minye nikaikata koti. Nikajiambia nitashona nyingine kabla hajaona (nikisema hivi masikio yananiwaka).

Kesho yake saa tisa za muchana, upepo wa ziwa umepanda, nikavaa kofia ya pikipiki, nikakimbia ku mutelemuko juu ya Kilibula, na miguu ikaacha udongo. Nilicheka peke yangu huko juu. Kisha bawa likaanza kulia. Ule ukingo wangu mupana sikuukaza wala sikuutilia fito, basi ukapigapiga, na kadiri mwendo ulivyozidi sauti ikawa moja, ndefu, nyembamba, ya kitu kinachotoka mbali na kuja. Kila muntu wa Uvira anaijua sauti ile. Ni ya bombe kabla haijaanguka.

Minye sikuwaza hayo. Niliangalia chini nikaona njia zinajaa watu, magodoro ku kichwa, wanakimbia upande wa Kavimvira, na nikageuza shingo kutafuta wanakimbia nini. Sikuona kitu. Nikaogopa pamoja nao (munisamehe, minye ndiye niliyekuwa vita, na nilijikimbia). Nilitaka kushukia ufukweni, lakini ule ukingo ulinivuta nyuma, nikashuka, nikashuka, mpaka nikaangukia mu mihogo nyuma ya jiko la mama, na bawa likanifunika muzima.

Kulikuwa kimya. Nilisikia chungu cha jirani kinachemka, redio inasoma habari mu nyumba isiyo na muntu, mulango unagonga, kisha unagonga tena. Hakuna sauti ya mutoto hata mumoja. Nimezaliwa Kilibula na sijawahi kuisikia bila watoto, nikafikiri pengine nimekufa. Kisha zikaja ndara, zinaburuta polepole, zikasimama karibu na kichwa changu.

"Byamungu," mama alisema. "Ni weye?"

Alikuwa anaona koti, na miguu miwili. Minye niko ndani ya kofia, ndani ya kitambaa, na mu akili yangu kulikuwa na kitu kimoja tu: asijue kwamba nimeikata.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Nilisikia anavyopumua. "Kule uliko, iko baridi?"

"Hapana, mama."

"Minye nakungoja ku barabara, weye unatokea juu." Sauti yake haikuwa ya kulia. "Basi nimeelewa. Enda, mutoto wangu. Sitakuita tena."

Ndara zikarudi. Nilikunja bawa, nikalificha mu atelye yangu ya kushonea. Jioni watu walirudi wamechoka, wamepoteza masufuria, wanaulizana ni bombe gani isiyoanguka. Mama akasimama uani akawaambia ni Byamungu, amepita kuaga, hata koti yake amekuja kuichukua. Wanawake wakaanza kulia. Kilio kilichukua siku tatu. Nilinyolewa kichwa, nikamiminia wageni kasiksi, pombe ya ndizi, nikapokea pole, na kila mugeni alipouliza kama kweli marehemu alitokea hewani, mama alisema, "Muulize mudogo wake," na minye, niliyejidai nami nilimuona, nikasema ndiyo.

Miezi minne baadaye, adhuhuri, Byamungu akaingia uani kwa miguu yake. Mifupa mitupu, ndevu mpaka kifuani. Mama alimutazama, akarudi ndani, akafunga mulango, akasema kwa upole, "Tulishaagana. Usinisumbue."

"Mama, nilitoroka. Niko muzima."

"Enda."

Byamungu alikaa pale chini analia mpaka jua likapungua, uwanja umejaa watu, katekista amekuja na maji ya baraka, wanabishana kama anyunyiziwe au afukuzwe. Hapo nikaenda atelye. Nikaleta bawa, nikalitandaza mbele ya kartie nzima, nikavaa kofia, nikalala chini yake, nikaita, "Ndiyo, mama." Nikarudia yote, hata lile la baridi. Hakuna aliyecheka (kucheka kulianza wiki iliyofuata, na hakujaisha). Mulango ukafunguka. Mama akainama, akatafuta kwa kidole mahali pa mufuko wa koti, akapaona. Hakunipiga, na ningependa anipige. Alimuendea Byamungu, akamupapasa uso, masikio, kidevu, muda murefu, kama muntu anayechagua kitambaa.

Ninyi mukitaka deltaplani iliyotumika, kagueni nilivyosema. Minye sirudi hewani, na nikiitwa kwa jina lisilo langu siitiki, hata kwa muchezo. Byamungu analala ku nyumba ndogo ya uani, anamulimia mama, anamutekea maji. Lakini kila asubuhi akigonga, mama hafungui. Anamuuliza kwanza jina lake, jina la baba yetu, na mahali watu wenye bunduki walipomukamatia, na Byamungu anajibu yote, polepole, akiwa amesimama nje na ndoo.