Mbuzi wa Harusi ya Zuhura

Nakumbuka siku ile mbuzi wa harusi walipokula mapambo ya mlango wa kanisa pale Mtama, mjukuu wangu, na mpaka leo nikiikumbuka hucheka peke yangu, watu wakadhani uzee umenipanda kichwani. Kaa nikusimulie. Jana nilikuona ukibishana na binamu zako kwenye kundi la ukoo la simu, huyu anatuma mawaidha ya shehe, yule anajibu kwa mahubiri ya mchungaji, na wewe katikati unachochea tu. Nilitaka kuandika neno, lakini vidole vyangu haviwezi kushindana na vyenu. Ndiyo maana nikakuita uje ule wali wangu, kwa sababu mtu anayetafuna hawezi kubisha.

Harusi yenyewe ilikuwa ya dada yangu Zuhura. Sisi tulizaliwa Kilangala, kwenye mikorosho, watoto wa mchinjaji. Baba yetu ndiye aliyechinja kwenye kila shughuli ya kijiji na ya vijiji vya jirani, iwe akika, maulidi au harusi. Hata Wakristo wakiwa na shughuli yao walimwita yeye, ili majirani zao Waislamu wale bila wasiwasi. Utaratibu huo tuliukuta, hatujui nani aliuanzisha, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuhutubia. Kisu cha baba kilikaa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kukikatia hata kitunguu.

Zuhura alikwenda Mtama kujifunza ushonaji kwa masista, na huko akaanza kuhudhuria mafundisho ya dini yao. Baada ya muda akabatizwa. Baadaye akaposwa na Benedicto, fundi seremala, kijana mpole ambaye hata akigonga msumari utadhani anauomba radhi. Kijijini wakasema binti wa mchinjaji amebadili dini kwa ajili ya mwanaume. Mimi nilikuwa mdogo wake wa kumfuata, hatukufichana kitu, nikamuuliza waziwazi. Akanijibu, "Somoe, Benedicto nilimkuta hukohuko nilikokuwa nakwenda. Safari niliianza mwenyewe."

Baba alipopata habari hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinyamaza, kisha asubuhi akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda moja kwa moja mahakamani Mtama kuomba harusi izuiwe. Moyoni alifurahi alipomwona hakimu, maana alikuwa Mwislamu mwenzake, mwenyeji wa Kilwa, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Baba akajua kazi imekwisha.

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama Zuhura ni mtu mzima. Baba akakubali kuwa ni mtu mzima. Akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Baba akasema hapana, mtoto mwenyewe ndiye mkaidi.

"Basi mzee wangu, mimi sina la kumzuia," hakimu akamwambia. "Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini, na hata wa kuibadili. Kesho mimi na wewe tukienda msikitini, uhuru huohuo ndio unaomkataza mtu asije kututoa. Nitaufunga vipi kwa binti yako, kisha niuache wazi kwako?"

Baba akarudi Kilangala akiwa mwekundu wa macho. Akasema, "Serikali imenichukulia mtoto," na akasema pia kwamba kwenye harusi hiyo mguu wake hautafika. Ilituuma sana, mwanangu. Zuhura alikuwa amepata ruhusa ya nchi nzima, lakini hakuwa na baba, na baba ndiye aliyekuwa akimtaka. Nilimsikia akilia kwa mama, anasema angeahirisha harusi kama angejua baba atakuja mwakani, lakini sasa anaogopa kuwa hatakuja milele.

Siku ya harusi mimi na mama tuliondoka alfajiri kwa basi. Mama hakuaga. Baba alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, anakoroma kwa bidii isiyokuwa ya kawaida yake.

Kule Mtama tulikuta shughuli imepamba moto, isipokuwa jambo moja. Mama yake Benedicto, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa amesimama kwenye masufuria, viungo vya pilau vinanukia mpaka barabarani, lakini mbuzi walikuwa bado wamefungwa kwenye mti, wazima, wanatafuna. Watu wake walitaka kuchinja wenyewe akawakatalia kabisa. "Nimealika Waislamu wa Kilangala nzima. Wakija watakula nini, nyimbo?" Akamwita mchinjaji wa pale Mtama. Mzee yule alikuja, akaona, akauliza harusi ni ya nani. Alipoambiwa, akakirudisha kisu chake alani. Akasema, "Baba wa bibi harusi yu hai, ana afya, na ana kisu. Nikimchinjia mimi nitakuwa nimeutangazia ulimwengu kwamba amekufa." Akaketi zake kwenye kiti, akaomba chai.

Nikaenda kumweleza Zuhura, aliyekuwa nyumba ya jirani anavalishwa. Akaniuliza, "Niambie kweli. Anakuja?" Sikuweza kumdanganya. Akasema, "Basi waambie wasichinje kabisa. Watu wale wali na maharage. Sitaki mtu mwingine ashike kisu."

Hapo ndipo tuliposikia kelele. Mbuzi walikuwa wamekata kamba. Wakati sisi tunajadili nani atawachinja, wao walikwenda mpaka mlangoni pa kanisa, wakala makuti mabichi, wakala maua, wakala hata ule utepe wa karatasi. Mama yake Benedicto aliwakimbiza na mwiko wa pilau. Wanakwaya walitoka na majoho yao wakawazingira, huyu anashika pembe, yule anaangushwa. Zuhura akatoka na shela lake nusu limebandikwa, akaona, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na mimi pia nikawa nafanya yote mawili. Padri wa kanisa lile, kijana kiasi, akapangusa vumbi kwenye kanzu yake akaniambia, "Dada, panda gari. Twende kwa mzee."

Basi nikapelekwa Kilangala na padri, kwa pikapu ya misheni. Watu walitutazama mpaka tukaingia uani. Baba bado alikuwa ndani. Mlangoni alikuwa amekaa Bibi, mama yake baba, anapepeta mchele. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye utepe wa karatasi alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. Kisha akaacha kucheka, akaingia chumbani kwa mwanawe, akaivuta shuka.

Baba alikuwa amelala na kanzu. Na viatu.

"Tangu alfajiri umelala na viatu," Bibi akasema. "Ulikuwa unangoja nani aje akubembeleze?"

"Mama, huyu mtoto ameacha dini ya ukoo wetu," baba akajibu, akakaa kitako.

"Ukoo upi? Babu yako alikuwa anatambika kwa unga wa mtama, na watu walitoka mbali kuja kwake. Baba yako ndiye aliyekwenda Lindi kuuza nta akiwa kijana, akarudi na kofia na jina jipya. Mzee alinuna masika yote. Lakini siku ya harusi yangu alikuja. Shehe alipokuwa anaomba dua, mzee hakujua hata neno moja, basi akawa anasema amina. Alisema amina hata mahali pasipotakiwa amina. Watu walicheka. Mimi nikampenda mkwe wangu kwa amina zile mpaka nilipomzika." Akamtupia kile kitambaa cheupe chenye kisu. "Yeye hakuambiwa na hakimu wala serikali. Wewe umeambiwa, na bado umelala na viatu."

Baba akainuka, akachukua kofia yake.

Nje padri akamwamkia, "Shikamoo mzee." Baba akaitikia marahaba, kisha akamwambia palepale, asije akamdanganya, "Kijana, mimi nitachinja. Lakini kanisani siingii."

"Na hakuna wa kukulazimisha, mzee," padri akasema. "Haki ya Zuhura na yako ni moja."

Naona hilo ndilo lililomlainisha, mwanangu, zaidi hata ya maneno ya Bibi. Alikuwa amefikiri anaombwa kushindwa, kumbe alikuwa anaombwa kuja tu. Bibi alikwishapanda mbele karibu na padri, anamuuliza kama kweli hataoa na mama yake anasemaje. Mimi na baba tukapanda nyuma, yeye ameshika kofia kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine, na njia nzima hakusema kitu ila mara moja, aliponiuliza, "Na utepe pia walikula?"

Tulipofika, mama yake Benedicto akapiga kigelegele kimoja ambacho nadhani kilisikika Lindi mjini. Zuhura akaja mbio, shela mkononi, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni jeupe. "Shikamoo baba."

"Marahaba," baba akasema. "Umekula?"

Zuhura akatikisa kichwa.

"Nani alikufundisha kuolewa na njaa? Inuka, unachafua gauni."

Akaenda, akawaelekeza mbuzi kibla mmoja mmoja, akasema bismillahi kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, na hakuna Mkristo aliyeona ajabu. Misa ilipoanza alikaa nje kivulini pamoja na mchinjaji wa Mtama, wakinywa chai na kusifia kwaya, ingawa baba alidai kwamba waimbaji wa besi wanaukimbiza wimbo. Chakula kilipokwisha akaombwa aombe dua. Akaomba ndefu. Benedicto, maskini, kwa hofu ya mkwe wake akaitikia amina kabla neno halijaisha, na padri naye akamfuata. Bibi alicheka mpaka akaomba maji, na baba akamtazama mama yake, akaelewa, akacheka naye. Sijapata kuona furaha kama ile katika maisha yangu, na mimi nimeolewa pia.

Sasa sikiliza huku kwingine, ambako ninyi watoto hamkujui. Miaka ilipita, Idi tunakula kwetu, Krismasi tunakula kwa Zuhura, na kisu ni kilekile. Kisha mtoto wa kwanza wa Zuhura, alipokuwa mtu mzima, akawaambia wazazi wake kwamba ameamua kuwa Mwislamu. Benedicto, yule mpole, akawaka. Akasema kijana ahame nyumba. Zuhura akamkumbusha yaliyompata yeye kwa baba, hakusikia. Akapanda basi mpaka Kilangala kumshtaki kijana kwa babu yake, huku akiamini kwamba baba ndiye aliyemshawishi.

Mimi nilikuwapo. Tulidhani baba atafurahi, maana ni kama mzani umerudi upande wake. Wapi. Alimsikiliza mkwe wake mpaka mwisho kama hakimu alivyomsikiliza yeye. Akamuuliza kama kijana ni mtu mzima. Akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha, na akaapa kuwa yeye hakusema naye neno. Kisha akamsogezea sahani.

"Kula kwanza, mwanangu. Mimi nilikwenda mpaka kwa hakimu. Wewe usipoteze nauli."

Benedicto akaitazama sahani, kicheko kikamtoka, halafu akala. Alilala kwetu, asubuhi akarudi kwa mwanawe. Kijana huyo ndiye mjomba wako Yusufu, ambaye jana kwenye simu ulimwambia hajui dini. Mama yake huenda kanisani kila Jumapili, na ni yeye Yusufu anayempeleka na kumngoja nje mpaka misa iishe.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Uhuru wa kuabudu umeandikwa kwenye Katiba, na ushukuru kwamba umeandikwa, maana bila hivyo baba yangu angeizuia harusi ile, na mkwe wake angemfukuza mwanawe, na sisi leo tusingekuwa na kundi la ukoo la kugombania. Ishike dini yako kwa mikono miwili, usiione haya, na mtu akiuliza mweleze kwa upole. Lakini haki unayoidai kwa ajili yako mpe na yule usiyekubaliana naye, bila kumkunjia uso. Na ujue kuwa Katiba inaweza kumfungulia mtu mlango wa kanisa au wa msikiti, ila haiwezi kumfikisha baba kwenye harusi ya mwanawe. Hiyo ni kazi yako wewe mwenye miguu. Mtu wako akichagua kile ambacho moyo wako haukukichagua, nuna kama ni lazima unune, ila nuna ukiwa umeshavaa viatu, na ukiitwa uende.

Sasa maliza wali, kisha mpigie mjomba wako Yusufu, si kumwandikia, kumpigia. Mungu akupe imani isiyotetereka na meza isiyokosa wageni. Akupe watoto watakaochagua vema, na wakichagua tofauti na wewe, akupe miguu ya kuwafuata na sauti ya kusema amina, hata ukiisema mahali pasipotakiwa.