Cheti Kilichokataa Muhuri

Inatangazwa kwa raia wote, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, walio hai na walio kwenye foleni, kwamba siku ya Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, kwenye kaunta namba mbili ya ubalozi, mtoto wa kike mwenye umri wa miezi saba, meno mawili na soksi moja, alifikishwa mbele ya Jamhuri ili Jamhuri imtambue. Jamhuri iliwakilishwa na afisa mmoja mwenye mafua.

Aliyembeba ni mama yake, ambaye wenzake kazini walimwita Mama Pasi. Kwa miaka tisa alikuwa dobi wa hoteli kubwa ya huko ugenini, ghorofa ya chini kabisa, mahali ambapo mvuke haukatiki na redio haisikiki. Ufundi aliupata kwa shangazi yake, mwanamke mkali aliyempigisha pasi leso ileile mara kumi mpaka mikunjo isalimu amri. Kola ya shati ikipita mikononi mwake, alikuwa anakwambia mwenye shati analalia ubavu gani. Alishatoa nta kwenye hariri na chingamu kwenye suti ya bwana harusi, bwana harusi akiwa ndani yake.

Sasa mkataba ulikuwa umekwisha na ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumamosi. Mtoto alizaliwa hukohuko ugenini. Wazazi wote wawili ni raia, kwa hiyo kilichobaki ni kuandikisha kuzaliwa kwake ubalozini, apewe na hati ya kusafiria. Bila hivyo wawili wangepanda ndege na wa tatu angezuiwa mlangoni.

Fomu zilijazwa. Pasipoti za wazazi zilikaguliwa. Cheti cha ndoa kilisomwa taratibu, kama barua ya mapenzi ya mtu mwingine. Hatimaye afisa akakichukua cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na manispaa ya huko, akakigeuza, akaupulizia muhuri pumzi, akagonga.

Ta!

Muhuri ukateleza. Akagonga tena. Wino ukajikusanya matone matone, ukakimbilia ukingoni.

"Nani amekifunga hiki cheti nailoni?"

Baba mtoto, fundi bomba mwenye mabega ya kubeba bafu zima, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi, mheshimiwa. Nilikipeleka laminesheni siku ileile. Nilitaka kisilowe."

Huyu bwana kila alichokipenda alikifunga nailoni. Leseni yake, kadi ya chanjo, hata barua ambayo kwayo mkewe alimkataa mara ya kwanza.

"Nailoni haishiki wino," afisa akasema, akipenga kamasi. "Nendeni manispaa wawape nakala nyingine. Wiki tatu."

"Ndege ni keshokutwa!" fundi bomba akasema.

"Basi mtoto abaki kwa ndugu."

"Ndugu gani? Ndugu zake ndio sisi hapa!"

Mama Pasi alikuwa anakitazama cheti kama anavyotazama doa, bila chuki na bila haraka. Akapitisha ukucha pembeni.

"Muhuri unagongwa nyuma tu?"

"Nyuma tu. Mbele hapaguswi."

"Mna pasi?"

"Mama, hapa ni ubalozi, si kwa dobi."

"Na ile bendera ukutani mnainyoosha kwa kuilalia?"

Foleni ikacheka. Afisa akakohoa, safari hii si kwa mafua. Pasi ilikuwepo kabatini, nyuma ya picha za mabalozi waliostaafu, na ikaletwa.

"Kikichanika mimi simo," afisa akasema.

"Tangu mwanzo hukuwamo, kaka. Nishikie mtoto."

Akakunja mtandio wake mara nne, akautandika juu ya kaunta. Kwanza akabandua tangazo lililofungwa nailoni kwenye kioo, USIEGEMEE KAUNTA, ili ajaribie. Pembe ya kushoto akaivuta mapema mno, ikang'oka na herufi zake. Likabaki EGEMEE KAUNTA, na mzee mmoja wa foleni akaegemea papo hapo. Mama Pasi akapunguza moto, akahesabu hadi kumi na mbili, akajaribu pembe ya kulia. Nailoni ikatoka nzima, karatasi ikabaki imetulia.

Akakilaza cheti kifudifudi. Fundi bomba akamsogelea sikioni.

"Mke wangu, kama moyo wako unasita—"

"Unaosita ni wako. Sogea, unanipulizia."

Akafunika leso, akaweka pasi, akahesabu, akainua. Akaipata pembe kwa ukucha, akaanza kuikunja nailoni kurudi nyuma, chinichini, unywele kwa unywele. Ikifika mahali ikakaza, anairudishia moto, ikilainika, anaendelea. Hakuna aliyepiga chafya, hata mwenye mafua. Katikati karatasi ikatoa mlio mdogo, kwaa, na fundi bomba akafumba macho. Mama Pasi akasimama, akapasha moto upya, akavuta kwa upande wa pili. Nailoni ikaachia yote, ikajikunja mkononi mwake kama ganda la kitunguu.

Nyuma ya cheti palikuwa peupe na pakavu. Palikuwa na mchubuko mmoja usiozidi punje ya mchele.

Afisa, mtoto kwapani, akachukua muhuri kwa mkono uliobaki, akagonga. Ukakaa. Tai, nyota, tarehe na yote. Foleni ikapiga makofi. Sherehe ikampanda kichwani: akasimama wima, akamwinua mtoto juu kama kombe la ubingwa, akakohoa kiserikali.

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, kuanzia saa hii Jamhuri inamtambua binti huyu kuwa raia wake halali, mwenye haki na wajibu wote, popote chini ya jua! Mama, katika wakati huu mtukufu, una neno gani kwa taifa?"

Mama Pasi akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Umemshika vibaya. Mlete."