Wekundu kwenye Upindo wa Malkia

Kwa miaka mingi, kila malkia aliyepanda jukwaani katika nyumba ile ya opera ya Petersburg alivaa kazi ya mkono wa Anfisa Lukinichna. Wengine katika karakana ya mavazi walishona askari, watumwa na waimbaji wa nyuma. Malkia walikuwa wake. Ndiyo maana mchoro mpya ulipoletwa asubuhi ile, alikwishafuta mikono kwenye aproni na kuinyoosha aupokee. Mchoro ukampita, ukatuliwa mbele ya Taya.

Taya! Huyu huyu aliyefika hapa hajui kushika sindano, akijichoma vidole na kulia, mpaka Anfisa akamkalisha karibu naye na kumfundisha!

"Usininunie mimi," msimamizi akasema. "Bwana Zvantsev mwenyewe, aliyechora, kataka macho mapya."

"Macho mapya! Haya yangu yameoza lini?"

Wanawake wakacheka chini chini. Taya akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mama Anfisa, tukitaka tunaweza kushona pamoja..."

"Pamoja na nani? Shona, mwanangu. Umeshakuwa mkubwa, bwana."

Wivu ulimwingia Anfisa. Chai haikupita, hata jamu ya cheri aliiona chungu. Kila mara alizua safari ya kufuata mkasi ili apite nyuma ya kiti cha Taya. Na mchoro ulikuwa mzuri, jambo lililomuuma kuliko yote: malkia aliyemuua mumewe, gauni jeupe lenye mikono mirefu myekundu ikining'inia hadi karibu na upindo. Rangi za maji, nyepesi, kana kwamba zimepulizwa tu juu ya karatasi.

Wenzake walipokwenda kuzunguka samovari, birika kubwa la chai, yeye alibaki. Akachovya kidole katika glasi yake ya chai, akagusa ncha ya mkono mwekundu mchoroni, akaiburuta rangi mpaka kwenye upindo mweupe. Karatasi ikainywa.

Karakana ilikuwa na sheria moja: kilichochorwa ndicho kinachoshonwa, na hakuna kubishana na karatasi. Taya atalishona doa lile kama lilivyo, Zvantsev atapandisha mori, na malkia watarudi kwa mwenyewe.

Kweli, Taya alilishona. Alihangaika na nyuzi, nyekundu iliyoiva, kisha hafifu, kisha ya waridi, mpaka wekundu ukayeyukia kwenye weupe. Anfisa alimtazama akihenyeka, na roho yake ikapoa.

Siku ya kujaribisha gauni, mwimbaji aliyeigiza malkia alisimama juu ya kigoda akiwa ameuma uzi, kama aumavyo kila mtu anayeshonewa nguo mwilini, wasemavyo, asije akashonewa akili zake pia. Zvantsev akamzunguka. Akasimama kwenye upindo.

"Huu wekundu umetoka wapi?"

"Kwenye mchoro, bwana," Taya akanong'ona.

"Mimi sikuuchora."

Anfisa akasogea karibu. Sasa!

Zvantsev akapiga magoti na suruali yake nzuri, akaushika upindo kwa mikono miwili. "Anaikokota damu ya mumewe," akasema polepole. "Kila aendako inamfuata. Nimeutafuta upindo huu mpaka nikakata tamaa. Nani kauwaza?"

Mwimbaji, kwa kuwa alikuwa na uzi mdomoni, akamnyooshea Taya kidole.

"Si mimi, bwana! Nimeshona nilichokiona."

"Na majivuno pia hana!" Zvantsev akacheka.

Anfisa akafungua kinywa. Ni wangu, alitaka kusema, ni kidole changu hiki. Lakini angesemaje bila kusema kilichokipeleka pale? Jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyafanya, na hakuweza kulidai. Akakificha kidole ndani ya aproni, akafunga kinywa.

"Mwimbaji wa zamu ya pili naye atahitaji gauni kama hili," Zvantsev akasema. "Utalishona wewe, Anfisa Lukinichna. Taya, mkalishe karibu nawe umfundishe, asije akauharibu upindo."

Taya akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Karibu, mama. Unaanza na hii iliyoiva."

Anfisa akakaa. Akatunga uzi, akapiga mishono michache, akaonyesha. "Hivi?"

Taya akainama, akaitazama kwa makini.

"Bado, mama," akasema kwa upole. "Fumua."