Kwa Nini Niliacha Sindano ya Kichwa

Msichana wa chuo kikuu alinijia mtaani Jericho na kinasa sauti, akauliza, "Mzee, kwa nini uliacha kliniki ya akili? Ni nauli?"

Nauli gani, na nilikuwa naenda kwa miguu! Wa kulaumiwa ni sista wa pale zahanati. Kila mwezi alisimama mlangoni akapaaza sauti, "Wa kichwa, benchi ya nyuma!" Na jirani yangu, mama asiyeweza kunyamaza hata akilala, huwa yuko pale na mtoto wake. Mdosi wangu, bosi aliyeniajiri kutengeneza vitanda pale soko la Gikomba, angesikia, angeninyang'anya msumeno siku hiyo hiyo.

Basi mimi mjanja nikaazima mtoto wa dada yangu, nikaketi na akina mama. Sista alipoita, nikajifanya sisikii. Nilijiambia, nitaenda benchi ya nyuma jirani akiondoka.

"Wanaume kama wewe wako wapi jamani!" jirani akanisifu, na haondoki.

Nesi wa watoto akamchukua yule mtoto, akamdunga chanjo. Tukarudi nyumbani, yeye na sindano, mimi bila.

Mwezi uliofuata dada alininyima mtoto. Sikukanyaga pale tena. Baadaye ugonjwa ulinipanda, nikafungwa kamba katikati ya Gikomba, soko zima likitazama, na aliyenishika miguu ni mdosi mwenyewe.

Nilimwambia msichana amtaje sista, amtaje na jirani. Na nafasi ikibaki, aandike kwamba mtoto wa dada hajawahi kuugua surua.