Mwanamke wa Keumbu Aliyeangusha Migomba kwa Teke

Hapo Keumbu, mtu aliyetaka kuangusha mgomba uliokwisha kukatwa mkungu hakutafuta panga. Alimwita Nyanchera. Nyanchera muuza ndizi, mjane mwenye mabega mapana, alikuja akafunga leso kiunoni, akarudi nyuma kidogo, akaachia teke moja la ubavuni, na mgomba ukalala chini kama mlevi wa jioni. Mzee Mokua, jirani yake, alikuwa akiiweka migomba yake makusudi mpaka apate wageni. "Njooni muone mwanamke," aliwaambia. "Kwetu tulizaliwa wanaume watupu, na hakuna aliyeweza hivi."

Hakufundishwa na mtu. Alitazama video za karate kwenye simu akisubiri wateja sokoni, kisha akaenda shambani kujaribu. Ngumi kwa shina, kiwiko kwa shina, teke kwa shina. Miaka ikapita, mwili ukakomaa, na jina nalo likakomaa. Kwa ajili ya jina hilo, wanawake wa soko wanaokaa upande wa mashamba ya chai hawakurudi nyumbani bila yeye. Walimngoja afunge biashara, wakashika ile njia nyembamba iliyopita katikati ya majani chai, yeye mbele, wao nyuma. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo duniani. Kanisani hakuwa na cheo, wala hakuwa na mtoto ng'ambo wa kujivunia. Alikuwa anatangulia mbele, basi.

Sasa jioni moja kijana akachomoka kwenye chai, akanyakua kibeti cha Persis muuza mboga. Nyanchera alifurahi, Mungu amsamehe! Siku hiyo alikuwa ameingoja. Akageuka, akaachia lile teke lake.

Halikugonga kitu. Mguu ulikuwa mikononi mwa yule kijana, ameupakata kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe, na anacheka. Akausukuma juu. Nyanchera akaanguka chali mtaroni, leso usoni, na mwizi akaenda zake bila hata kukimbia.

Alingoja wenzake wapige kelele. Badala yake Persis alimwinua, akampangusa tope mgongoni, kisha akasema polepole, "Kumbe mgomba ni mgomba, na mtu ni mtu."

Kesho yake Nyanchera alipoinua macho kutoka kwenye ndizi zake, wenzake walikuwa wameshaondoka. Walipita barabara kubwa, ile ya mzunguko, bila kumngoja. Alisimama pale na mifuko yake kama mtu aliyefiwa.

Sabato ilipopita, Jumapili asubuhi alivaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya sketi akaenda Kisii mjini. Aliwahi kusikia kuna shule ya karate juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alitarajia kukuta mwanamume mwenye shingo ya fahali. Alimkuta msichana mwembamba, hijabu kichwani, anafagia.

"Dada, mwalimu yuko wapi?"

"Karibu, mama. Vua viatu. Mwalimu ni mimi, Firdaus."

"Wewe?" Nyanchera akamtazama juu mpaka chini. "Na nyumbani wanakupikia kweli, mwanangu? Upepo wa milima ya Manga si utakubeba?"

Wanafunzi wakacheka. Firdaus akaegemeza ufagio ukutani, akafunga mkanda wake mweusi. "Basi nipige haraka, mama, kabla haujanibeba."

Nyanchera akapiga. Alichoona baada ya hapo ni dari. Akainuka, akapiga tena, akaiona dari tena. Hakuumia, lakini alikuwa amepigwa na butwaa. Kwani msichana huyu ni mchawi?

Firdaus akachuchumaa kando yake. "Mama, ukipiga, unaniona?"

"Nisikuone nina chongo?"

"Haya, piga. Nitainua vidole. Uniambie ni vingapi."

Akapiga. "Ni vingapi?"  Nyanchera hakuwa ameona kidole hata kimoja.

"Unafunga macho," Firdaus akasema. "Mguu ukikaribia kufika tu, unafunga."

"Yaya!" Nyanchera akaruka. "Hapana! Mimi?"

Msichana mmoja aitwaye Linda, aliyekuwa akimrekodi kwa simu, akamletea aone. Na kweli. Mwanamke mzima, mguu hewani, uso umekunjamana kama wa mtoto anayemezeshwa dawa chungu, macho yamefumbwa kabisa. Simu ilikuwa imemfundisha kila kitu ila hicho.

"Ulikuwa unafanyia mazoezi kwenye nini?" Firdaus akauliza.

"Migomba."

Alipolitamka neno hilo akaelewa, akakaa chini. Utomvu! Ukiupiga mgomba unarusha utomvu, na ukiingia jichoni unawasha hata ulie. Kwenye nguo hautoki hata kwa jiki. Miaka yote hiyo mwili ulijifunza kujikinga, na yeye mwenyewe hakuambiwa.

"Nyasae one, Mungu wangu," alinong'ona. "Nimekuwa nikiwatangulia watu nikiwa kipofu."

Hapo hakufundishwa teke. Kila Jumapili alisimama tu, Firdaus akimrushia kitambaa chenye maji usoni, naye asifumbe. Wasichana wadogo walimpita wakirukaruka, yeye anapigwa kitambaa. Kiburi kilimuuma kuliko mgongo. Mzee Mokua alipomwita kwa ajili ya mgomba, akamwambia, "Baba, shika panga lako."

"Umezeeka, Nyanchera?"

"Hapana, baba. Nimeanza shule."

Habari zilifika sokoni kabla yake. Jioni wanawake wakikusanya vitu, Persis akapaza sauti, "Tunasikia siku hizi unaenda mjini kupigwa matambara."

"Ni kweli."

"Na matambara yanafukuza wezi?"

Kicheko kikapasuka. Persis akaokota ndizi iliyooza, na kabla mtu hajajua ni mzaha au ni hasira, akamvurumishia. Mwili wote wa Nyanchera ulitaka kufumba macho, wa zamani ule, wa migomba. Macho yakakataa. Ndizi ikampasukia shavuni, pwaa! 

"Umerusha kwa mkono wa kushoto," Nyanchera akasema, ndizi ikimtiririka mpaka kidevuni. "Na kidole chako cha mwisho kina kitambaa. Umejikata na nini?"

Persis akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akawatazama wenzake, nao wameshika midomo. Kisha akainama, akajitwisha kikapu, akageuka upande wa ile njia ya majani chai.

"Haya," akasema. "Si utangulie? Giza linaingia."

Nyanchera akatangulia. Hata shavu hakulipangusa.