Omena Tuliowaacha Dagoretti Corner

Harufu ya omena waliokauka, dagaa wa ziwani, ndiyo Gatwekera yangu, mtaa wa mabanda nilikokulia. Mama aliwauza mlangoni mwa chumba chetu, na harufu ile iliingia kwenye blanketi, kwenye sare ya shule, hata kwenye nywele zangu, nami sikuiona aibu, maana nusu ya mtaa ilinukia ziwa ambalo mimi sikuwahi kulitia mguu. Matokeo ya kura yalipotangazwa, moshi wa mabati na magodoro ukaimeza. Mama akasema tunakwenda Kawangware kwa Mama Mwende, mwanamke wa Kitui aliyefanya naye biashara sokoni. Akajitwika beseni la omena, mali pekee tuliyokuwa nayo, akanishika mkono.

Tulifuata reli, kisha barabara, maduka yote yamefungwa na hakuna aliyesalimia mtu. Kufika Dagoretti Corner, Mama akasimama ghafla. Mbele vijana walikuwa wamefunga njia, wakiuliza watu majina ili wajue kabila. Jina tungeweza kudanganya, lakini harufu ingetusema kuwa sisi ni watu wa ziwa. Mama akamwaga omena wote mtaroni, akasugua mikono yake na yangu kwa majani mabichi, tukapita tumeinamisha vichwa. Mama Mwende alipofungua mlango alitazama beseni tupu, akalipokea. "Ingieni, muthokoi iko tayari," alisema, akitupakulia mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mama hakula.

Fujo zilipopoa, kanisa la jirani lilitufungulia darasa sisi watoto tuliokimbia. Mwalimu wetu alikuwa Kaka Felix, kijana wa maghorofa ya Nyayo Highrise aliyeandika habari za safari magazetini. Nilimpenda kama ndugu. Siku moja aliniuliza, "Niaje, Atieno? Kwani mlipitia wapi kuja huku?" Nikamsimulia yote, reli, vijana, omena, majani. Akasema, "Wewe ni mwandishi wa safari na hujui. Hiyo stori nitaitoa gazetini, na jina lako litakuwa juu kabisa." Hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni kitu chochote. Nilitembea Kawangware nzima kichwa juu, nikamwambia kila aliyekubali kunisikiliza.

Tuliporudi Gatwekera, Mama alianza tena kuuza, akifungia wateja omena kwa magazeti makuukuu. Humo ndimo nilimokuta picha ya Kaka Felix, anatabasamu. Chini yake ilikuwa safari yetu, ila yeye ndiye aliyefuata reli. Yeye ndiye aliyemwaga omena na kusugua mikono kwa majani. Jina langu halikuwa juu wala chini. Nilimsomea Mama hadi mwisho, naye akauliza polepole, "Na yeye alimwaga omena ya nani?" Nililia kuliko nilivyolia tulipokimbia, kwa sababu wale vijana wa barabarani sikuwa nimewaamini.

Leo safari ndizo zinazonilisha. Nimeandika Marsabit, nimeandika Lamu, na lile ziwa nimelikanyaga. Njia ya kwenda Kawangware niliiogopa miaka yote, hadi mwaka jana nilipoiandika na kuituma. Mhariri, kijana mwenye adabu, alinipigia simu. "Madam, kazi ni poa sana, lakini hapo kwa omena umekopi mtu. Hiyo stori ya Felix tuliisoma shuleni." Siku ile Dagoretti Corner tulificha sisi ni nani, tukapita. Sasa nimesema mimi ni nani, na nimezuiwa.